Kiwanja cha ukweni Java: risiti ya kodi si hati miliki

SWALI: Mimi ni Mzanzibari, kazi yangu ipo Muscat. Mke wangu ni Mwindonesia, kwao ni kijiji kidogo wilaya ya Kebumen, Java ya Kati. Tulioana huko huko kijijini, kwenye KUA, ofisi ya dini inayoandikisha ndoa za Waislamu, bila mkataba wowote wa mali. Sasa bamkwe anataka kumpa binti yake kiwanja tujenge, na ami yake mke wangu anatuuzia shamba la mpunga lililopakana nacho. Vyote bado vina jina la babu yao, marehemu, ambaye alikuwa kiongozi wa kitongoji kwa miaka mingi. Karatasi zilizopo ni risiti za kodi na nakala ya ukurasa wa daftari la kijiji. Ami anasema tuandikiane mbele ya mkuu wa kijiji, tubandike stempu, basi. Na kwa kuwa pesa ni yangu, jina langu liingie. Inafaa?

JIBU: Ndugu yangu, jina lako haliwezi kuingia, na maandishi ya mbele ya mkuu wa kijiji hayatoshi. Lakini msitupilie mbali mpango wote, kwa sababu kiwanja cha bamkwe na shamba la ami ni mambo mawili tofauti mbele ya sheria, na hilo ndilo litakalowaokoa.

Nianze na jina. Indonesia inafuata Sheria ya Msingi ya Ardhi Na. 5 ya 1960. Haki kamili ya umiliki, wanayoiita hak milik, ni ya raia tu. Hicho ni kifungu cha 21. Wageni wengi wakishasikia hivyo hukimbilia njia ya mkato: ardhi huandikwa jina la shemeji, na pembeni unafichwa mkataba kuwa mwenye mali ni mgeni. Usithubutu. Kifungu cha 26 kinasema mauzo ya kumpa mgeni ardhi ya namna hiyo, yawe ya wazi au ya kuzunguka, ni batili. Ardhi inaangukia mikononi mwa serikali na fedha iliyolipwa hairudishwi. Shemeji akiwa mwema kiasi gani, huna mahakama ya kukimbilia.

Utasema, basi iandikwe jina la mke wangu peke yake. Hapo ndipo penye mtego, na wengi hawauoni. Sheria ya Ndoa Na. 1 ya 1974, kifungu cha 35, inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Mkeo akinunua shamba la ami leo, nawe unahesabiwa una fungu humo, nawe si raia. Mgeni aliyepata hak milik kwa kuchanganyika mali za ndoa anatakiwa aiachie ndani ya mwaka mmoja, la sivyo haki inakufa. Kwa hiyo mwanamke wa Kiindonesia anajikuta kama mgeni kwao kwa sababu tu ya kuolewa na mtu wa nje. Ni jambo la kuumiza, na mwanamke mmoja aliyeolewa na Mjapani alilipeleka hadi Mahakama ya Katiba. Mwaka 2016, katika uamuzi Na. 69/PUU-XIII/2015, mahakama iliruhusu wanandoa kuandikiana mkataba wa kutenganisha mali hata baada ya kuoana. Zamani ilikuwa lazima uandikwe kabla ya ndoa au siku yenyewe.

Nendeni basi kwa notari, mwandikiane mkataba huo, kisha uandikishwe KUA mlikooana. Msipotaja tarehe, unahesabiwa tangu siku ya ndoa. Ufanyike kabla ya kununua shamba. Nawe uelewe unachotia saini: shamba litakuwa la mkeo, hata kama kila shilingi imetoka mfukoni mwako. Kama hilo linakukosesha usingizi, usinunue.

Kiwanja cha bamkwe ni chepesi zaidi. Kifungu hicho hicho cha 35 kinasema kitu ambacho mmoja wenu amepewa hiba au amerithi kinabaki chini ya mamlaka yake mwenyewe. Hiba iandikwe kwa afisa wa hati za ardhi, yule wanayemwita PPAT. Vijijini ambako hayupo, camat, yaani mkuu wa tarafa, mara nyingi huteuliwa kushika nafasi hiyo. Hata hivyo mkataba wa mali bado nausisitiza, maana nyumba mtakayojenga juu yake itatoka kwenye pesa ya ndoa.

Sasa karatasi. Ile karatasi ya kodi, SPPT, yaani ilani ya kodi ya ardhi, inaonyesha nani anadaiwa kodi, haisemi nani mwenye ardhi. Ukurasa wa daftari, Letter C, nao asili yake ni kumbukumbu ya kodi, ila una uzito zaidi kwa sababu unabeba historia. Msiridhike na nakala. Mkeo aende ofisi ya kijiji aombe kuliona daftari lenyewe, aangalie namba ya persil, yaani ya kipande cha ardhi, herufi S au D (S ni shamba la mpunga, D ni nchi kavu), eneo, halafu asome pole pole safu ya mabadiliko: nani alimpa nani, mwaka gani, kwa mauzo au kwa urithi. Mara nyingi humo ndimo linamoonekana jina la mtu ambaye familia haijawahi kumtaja.

Na hapa ulilolisema juu ya babu limenishtua. Zamani kiongozi wa kitongoji Java alikuwa akipewa shamba la kulima badala ya mshahara, linaitwa bengkok. Ni mali ya kijiji, na akitoka madarakani linarudi. Miaka ikipita, watoto waliokua wakilima humo hulihesabu kuwa lao kwa moyo mweupe kabisa. Muulizeni katibu wa kijiji, wao humwita carik, kama shamba la ami limo kwenye orodha ya bengkok au ya mali nyingine za kijiji. Likiwemo, hakuna cha kununua.

Kumbukeni pia kwamba Kanuni ya Serikali Na. 18 ya 2021 iliwapa wenye karatasi hizi za zamani miaka 5, kuanzia tarehe 2 Februari 2021, wawe wameandikisha. Baada ya hapo karatasi si ushahidi tena wa umiliki, ni kielelezo tu cha kusaidia kuandikisha. Kwa hiyo hati itoke kwanza kwa jina la warithi, mauzo baadaye. Warithi wote wa babu watie saini cheti cha mirathi mbele ya mashahidi wawili, mkuu wa kijiji na camat wakithibitisha. Wote, pamoja na shangazi aliyeolewa mbali. Wazee wa Java wana desturi ya mwanamume kupata mafungu mawili na mwanamke moja, na familia nyingine hugawa sawa. Vyovyote mtakavyokubaliana, kiandikwe.

Kijiji kikiwa kwenye PTSL, mpango wa serikali wa kuandikisha ardhi ya kijiji kizima kwa pamoja, gharama ya maandalizi kwa Java na Bali ilipangwa Rupia 150,000, kodi zikiwa nje. Siku ya kupima, majirani wa pande zote wawepo wakati vigingi vinapigwa na wakubali mpaka. Kwenye mashamba ya mpunga mpaka ni tuta jembamba la udongo ambalo kila msimu hukwanguliwa kidogo na jembe la upande mmoja, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Kwa shamba la ami, muuzaji hulipa kodi ya mapato asilimia 2.5, na mnunuzi kodi yake isiyozidi asilimia 5 baada ya kiwango kisichotozwa. Ami akiomba kishika uchumba, msimpe mpaka carik ajibu kuhusu bengkok na mkataba wenu uwe umeandikishwa KUA.