Amplifaya ya klasi A ukiwa Mtwara: anza na joto

Vijana wanaonifuata wakitaka kuunda amplifaya ya klasi A karibu wote huanza na swali moja: saketi ipi ni nzuri? Jibu lake ni fupi. Chukua ile aliyoichapisha Mwingereza John Linsley Hood katika jarida la Wireless World la huko kwao mwaka 1969. Ina transista nne tu, yaani vile vipande vinavyokuza umeme wa sauti, kila upande (kushoto na kulia), inatoa wati 10 kwenye spika ya omu 8, na zaidi ya nusu karne imepita watu bado wanaiunda na kuipenda. Mchoro wake hausumbui kuupata. Swali ambalo ningependa uanze nalo, mdogo wangu, ni hili: joto lake utalipeleka wapi?

Kwenye amplifaya tulizozoea kutengeneza mtaani, transista mbili za mwisho hupokezana kazi. Moja inasukuma nusu ya juu ya wimbi la sauti, nyingine inavuta nusu ya chini. Pale zinapopokezana hubaki kasoro ndogo, na kasoro hiyo hujitokeza zaidi sauti ikiwa ya chini, kwa sababu wimbi lenyewe ni dogo na kasoro haipungui sawasawa nalo. Klasi A haina kupokezana. Transista zake hazifungi hata sekunde moja. Umeme unapita ndani yake muda wote, muziki uwepo usiwepo. Huo ndio utamu wake, na gharama yake ni hiyo hiyo.

Piga hesabu. Saketi hii kwa spika ya omu 8 inataka volti 27 na ampia 1.2. Zidisha: wati 32 kila upande, karibu wati 65 kwa pande zote mbili, kabla hujaweka hata wimbo mmoja. Na ujue kwamba inachemka zaidi ikiwa kimya. Ukipandisha sauti, sehemu ya nguvu ile inakwenda kwenye spika na transista zinapumua kidogo. Kwa hiyo usijidanganye kwamba utaipima joto kwa kupiga muziki mkubwa. Iwashe, iache kimya saa nzima, halafu ndiyo uiguse.

Sasa tuje kwetu. Anayeunda kitu hiki Uingereza anakiweka kwenye chumba cha nyuzi 20. Hapa Mtwara mwezi Novemba, mvua zikiwa bado hazijaanza, sebule yenye bati juu inafika nyuzi 32 mchana bila shida. Ukitaka hitisinki, yaani kile kipande cha aluminiamu chenye mapezi, isizidi nyuzi 55, mwenzako ana nafasi ya kupanda nyuzi 35 na wewe una 23 tu. Gawa kwa wati 32. Yeye inamtosha hitisinki inayopanda nyuzi 1.1 kwa kila wati; wewe unahitaji ya 0.7 kila upande, na namba ikiwa ndogo zaidi ndiyo bora. Kwa maana nyingine, mapezi yaliyomtosha yeye wewe hayakutoshi, ongeza zaidi ya nusu yake tena. Ukinakili vipimo vya mtu wa baridi, umeunda jiko.

Hitisinki mpya za ukubwa huo ni ghali. Wauza vyuma chakavu wanazo, zimetoka kwenye mashine za kuchomelea, kwenye UPS kubwa za ofisini (zile zinazoshikilia kompyuta umeme ukikatika) na kwenye amplifaya za ukumbi zilizoungua. Nenda mwenyewe, zishike, pima uzito mkononi. Chagua yenye mgongo mnene na mapezi marefu yaliyoachana, kwa sababu mapezi yaliyobanana yanataka feni, na feni kwenye amplifaya ya kusikiliza kwa utulivu inaharibu kazi yote. Ukiifunga, mapezi yasimame wima ili hewa ya moto ipande yenyewe, na boksi liwe na miguu ya sentimita mbili au tatu ili hewa ya chini iingie.

Halafu zungumza na watu wa nyumbani mapema. Redio kwetu hukaa kwenye kabati la vioo na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Amplifaya hii haifunikwi na haiingii kabatini. Mama akielewa sababu hataifunika. Asipoelezwa, siku utakayokwenda Masasi utarudi umekuta kitambaa juu yake. Na matundu ya hewa yawekee wavu mdogo. Boksi lenye joto usiku ni makazi ya mijusi na mende, na mjusi akikanyaga nyaya mbili za umeme mkubwa anakufa yeye pamoja na fyuzi yako.

Kuna kazi moja ndogo ambayo nataka uifanye polepole kuliko zote, nayo ni kufunga transista kwenye hitisinki. 2N3055, ile ya mwili wa chuma wenye matundu mawili ya skrubu, kolekta yake, mmoja wa miguu yake mitatu ya umeme, ni huo mwili wenyewe. Ikigusa aluminiamu moja kwa moja umeunganisha umeme na boksi. Katikati inakaa karatasi ya maika, inayopitisha joto lakini haipitishi umeme. Kabla ya kuiweka, pitisha ncha ya kidole kuzunguka kila tundu ulilotoboa. Ukisikia ukali kidogo, hapo keekee imeacha ukingo, na ukingo huo utatoboa maika ukikaza skrubu. Chukua keekee kubwa zaidi, izungushe kwa mkono juu ya tundu mpaka kidole kiteleze. Paka grisi ya joto nyembamba pande zote mbili za maika, nyembamba kiasi cha kuona rangi ya chuma chini yake. Ikizidi inazuia joto badala ya kulipitisha. Weka bushi za plastiki kwenye skrubu, kaza zamu kwa zamu kushoto na kulia. Kisha weka mita kwenye omu, mguu mmoja kwenye mwili wa transista na mwingine kwenye aluminiamu palipokwanguliwa. Isisome chochote. Ikisoma, fungua uanze upya, hata kama usiku umeingia.

Nakuambia habari ya transista bandia kwa sababu utakutana nazo. Zimejaa sokoni, zina maandishi mazuri kuliko halisi, na ndani kuna kipande kidogo kisichohimili kazi. Mita ya kawaida haikuonyeshi tofauti, zote zitasoma sawa. Kinachotofautisha ni kazi: ifunge kwenye hitisinki, ipe volti 13 na zaidi kidogo pamoja na ampia 1.2, ambayo ndiyo hali itakayoishi nayo, iache saa moja. Ya kweli itakaa. Nunua nne kwa pamoja, ukiagiza Kariakoo agiza na mbili za akiba, maana basi la Dar si la kulisubiria kwa transista moja.

Transfoma watu wengi hutoa kwenye UPS mbovu. Sikushauri. Nyingi zimefanywa zifanye kazi dakika chache umeme ukikatika, na hapa unataka kitu cha kubeba mzigo saa nne mfululizo. Tafuta ya volti 22 hadi 24 yenye uwezo wa VA (volti mara ampia) 150 hadi 200. Inaonekana kubwa mno kwa wati 65, lakini transfoma inayojaza kapasita (vihifadhi vya umeme) kupitia dayodi (vipitisha umeme upande mmoja tu) huvuta umeme kwa mishtuko mifupi na inachemka kuliko hesabu ya juu juu inavyosema. Daraja la dayodi nalo lina joto lake, kama wati 5, kwa hiyo nunua la mwili wa chuma na ulifunge kwenye boksi kwa skrubu.

Mvumo ndio utakaokusumbua baada ya hapo. Kwa kuwa amplifaya inavuta ampia zile zile muda wote, kapasita za kuchuja hazipati nafasi ya kupumzika. Kwa ampia 2.4 za pande zote mbili na kapasita ya maikrofaradi 10,000, umeme wako unapanda na kushuka karibu volti 2.4 mara 100 kwa sekunde, na spika nzuri itakusomea yote. Ongeza kapasita, au bora zaidi weka regyuleta ya volti 27, yaani saketi inayoshikilia volti zisipande wala kushuka, kabla ya amplifaya. Mimi nashabikia regyuleta kwa hali ya huku. Jioni watu wote wakiwasha, umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, amplifaya isiyo na regyuleta inashuka kutoka volti 27 hadi 23 na nusu, na zile wati 10 zinabaki 7 na nusu. Ila regyuleta nayo inataka hitisinki yake na volti chache za ziada juu ya 27 ili ipate pa kushikia, kwa hiyo pima kwanza umeme wa kapasita amplifaya ikiwa inavuta. Waya za ethi zote zikutane sehemu moja, kwenye kapasita za kuchuja, na usiruhusu waya wa ethi wa spika upitie njia ya ethi ya ingizo.

Kapasita chagua za nyuzi 105, uziache mbali na mapezi. Kila nyuzi 10 unazoipunguzia kapasita ya aina hii, maisha yake yanakaribia kuongezeka maradufu.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, weka globu ya zamani ya waya, wati 100, kwenye njia ya umeme mkubwa. Kwenye amplifaya za kawaida globu huwaka kidogo kisha ikazimika, na wengi wakiona ya klasi A inaendelea kuwaka wanadhani kuna shoti. Hii inavuta muda wote, kwa hiyo itabaki na mwanga. Unachokwepa ni mwanga mkali kabisa. Anza na umeme mdogo, kama nusu ampia. Kwenye njia ya umeme wa kila upande weka rizista ya omu 0.1 na pima juu yake: volti 0.12 ndiyo ampia 1.2. Pima pia sehemu inayokwenda kwenye kapasita ya spika, pawe nusu ya umeme wako, volti 13 na nusu. Ukiona sawa, toa globu, pandisha polepole, subiri nusu saa ikipata joto, rekebisha tena. Boksi lifungwe kwenye ethi ya ukutani, fyuzi iwepo, na ukimaliza kuzima toa umeme uliobaki kwenye kapasita kwa rizista ya omu 100 kabla ya kuingiza mkono. Hayo usiyaache hata ukiwa na haraka.

Sasa kusikiliza. Wati 10 si za sherehe. Msimu wa korosho ukifika, harusi na ngoma zikiwa kila mtaa kuanzia Chikongola mpaka Magomeni, chukua amplifaya nyingine. Hii ni ya chumbani, na spika ndizo zitakazoamua. Spika inayotoa desibeli 92 kwa wati moja itakujaza sebule. Ya desibeli 84 itakutaka wati zaidi ya sita kwa kila moja ya ile, na hunazo. Spika kubwa za redio za zamani zenye koni ya karatasi nyepesi mara nyingi zinafaa kuliko vispika vipya vya boksi dogo.

Ukitaka kuilinganisha na amplifaya nyingine, sawazisha sauti kwanza. Iliyo juu kidogo siku zote huonekana nzuri zaidi, sikio limeumbwa hivyo. Piga mlio wa hezi 200 kutoka kwenye simu, weka mita kwenye AC juu ya waya za spika, fanya zote mbili zisome volti 1. Hiyo kwenye omu 8 ni robo ya nusu wati tu, na utashangaa ilivyo kubwa kwa chumba. Halafu weka taarabu ya zamani iliyorekodiwa vizuri, yenye ala za nyuzi za udi na kanuni, saa nne usiku bodaboda zikipungua. Sikiliza kidole kinavyoachia uzi wa udi na mlio unavyofifia mpaka mwisho wake. Hapo ndipo tofauti ilipo: mlio unafifia bila kukatika, na kinywa cha mwimbaji kikifunguka kabla ya neno unasikia pumzi yake. Mafaili yaliyobanwa sana, yale ya kurushiana kwenye simu, hayatakuonyesha hilo. Amplifaya haina namna ya kurudisha kilichotupwa. Na ngoma ya kwetu, ikiwa imerekodiwa kwa utulivu, isikilize kwa sauti ya chini. Utatambua ngozi ilivyopigwa kwa kiganja na ilivyopigwa kwa fimbo.

Umeme wake usiuogope. Saa nne kila usiku ni kama robo uniti, labda theluthi ukihesabu hasara ya transfoma na regyuleta, hivyo kwa mwezi ni uniti nane hadi kumi. Lakini zima ukiondoka. Kuiacha ikiwaka mchana kutwa hakuifanyi isikike vizuri zaidi ya ile nusu saa ya kupata joto.

Kwa walio karibu na bahari, Shangani, Mikindani au Lindi mjini ufukweni, hewa ya chumvi itakula soketi za ingizo na nati za hitisinki. Kila baada ya kaskazi kwisha, fungua boksi, futa vumbi kwenye mapezi, safisha soketi kwa spiriti, kaza skrubu za transista, pima tena ile volti 0.12. Ikiwa imesogea kidogo, irudishe. Ikiwa imesogea sana upande mmoja tu, anzia kuitazama grisi ya upande huo, huenda imekauka.