Maswali na Majibu: Draiva za Vifaa vya Zamani Kwenye Kompyuta Mpakato

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wasomaji ambao kompyuta zao bado ni nzima, lakini mfumo endeshi mpya haukitambui kifaa fulani. Wengi wao walianza kupakua draiva, yaani programu inayoufanya mfumo endeshi uwasiliane na kifaa, kabla ya kujua kifaa chenyewe ni kipi, na hapo ndipo muda mwingi unapopotea.

Nimeweka Windows 10 upya kwenye kompyuta mpakato ya zamani. Vifaa vitatu vina alama ya mshangao ya manjano na majina yao hayanielezi kitu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye namba ya utambulisho wa kifaa, kwa sababu jina linaloonekana hapo ni la jumla tu. Fungua dirisha la kusimamia vifaa kwa amri devmgmt.msc, bofya kifaa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia "Properties", kisha "Details", na kwenye orodha uchague "Hardware Ids". Utaona mstari unaoanza na PCI\VEN_ ukifuatiwa na herufi au tarakimu nne, halafu DEV_ na nyingine nne. Nne za kwanza humtaja mtengenezaji wa chipu: 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 10EC ni Realtek na 14E4 ni Broadcom. Nne za pili hutaja chipu yenyewe. Kwa vifaa vya USB, nafasi hizo huchukuliwa na VID (mtengenezaji) na PID (bidhaa).

Nasisitiza jambo hili kwa sababu modeli moja ya kompyuta mpakato mara nyingi huuzwa ikiwa na kadi tofauti za mtandao au za sauti, hivyo kutafuta kwa jina la modeli peke yake kunaweza kukupa draiva ya kadi ambayo wewe huna. Baadhi ya majina yale ya jumla yana maana inayojulikana: "SM Bus Controller" huashiria kwamba draiva za chipseti, yaani chipu za ubao mkuu zinazounganisha sehemu za kompyuta, hazijawekwa, "PCI Simple Communications Controller" kwenye kompyuta za Intel kwa kawaida ni Management Engine (kichakato kidogo cha usimamizi kilichomo kwenye chipseti), na "Base System Device" mara nyingi huwa ni kisomaji cha kadi za kumbukumbu. Weka draiva za chipseti kwanza, uwashe kompyuta upya, ndipo uendelee na nyingine, kwa kuwa baadhi ya alama za manjano huondoka zenyewe baada ya hatua hiyo.

Kwa wale ambao bado hawajaufuta mfumo wao wa zamani, tengenezeni kwanza folda kwenye flashi, kisha muendeshe amri pnputil /export-driver * ikifuatiwa na njia ya folda hiyo, katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Kwenye Windows 10 kuanzia toleo 1607, amri hiyo hunakili draiva zote za watengenezaji wengine zilizohifadhiwa kwenye mfumo.

Kadi ya waifai haina draiva, na bila intaneti siwezi kuipakua. Nifanyeje?

Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe chaguo la kushiriki intaneti kupitia USB. Kwa kawaida Windows 10 huiona simu hiyo kama kadi ya mtandao bila kuhitaji draiva ya ziada. Waya wa mtandao nao unafaa, ikiwa tundu lake limeshatambuliwa. Njia hizo zikishindikana, pakua draiva kwenye kompyuta nyingine na uihamishe kwa flashi.

Draiva niliyoipata ni ya Windows 7, na programu ya kuisakinisha inakataa ikisema mfumo wangu haukubaliki. Je, ndiyo mwisho wa safari?

Si lazima. Mara nyingi inayokataa ni programu ya kusakinisha, ambayo imeandikwa ikague toleo la Windows, ilhali draiva iliyomo ndani yake ingeweza kufanya kazi. Ifungue programu hiyo kwa 7-Zip, ambayo hufungua mafaili yaliyobanwa, na utafute faili lenye mwisho wa .inf. Faili hilo ni maandishi ya kawaida, kwa hiyo lifungue kwa Notepad na utafute ndani yake zile namba za VEN na DEV ulizozinakili. Zikiwamo, rudi kwenye dirisha la vifaa, chagua kusasisha draiva kutoka kwenye kompyuta yako, kisha "Have Disk", na uelekeze kwenye faili hilo. Zisipokuwamo, usilazimishe draiva ya chipu inayofanana, kwani kompyuta inaweza kukwama kwenye skrini ya buluu.

Ukomo wa kweli uko kwenye biti, yaani kama Windows na draiva ni za aina ya biti 32 au ya biti 64. Draiva ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya biti 32 haiwezi kupakiwa na Windows ya biti 64, na hali ya uoanifu (kuendesha programu kana kwamba iko kwenye Windows ya zamani) haisaidii hapo, kwa sababu hiyo huhusu programu za kawaida, si draiva. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa.

Kifaa kinaonyesha Code 52, kuhusu saini ya kidijitali. Je, nizime ukaguzi huo?

Uzime kwa majaribio tu. Tangu Windows Vista, matoleo ya biti 64 hudai draiva za kerneli ziwe na saini ya kidijitali, yaani uthibitisho wa aliyezitoa na kwamba hazijabadilishwa, na madai hayo yaliongezwa makali mwaka 2016 katika toleo 1607 la Windows 10. Kwenye mipangilio ya kuanzisha Windows lipo chaguo namba 7 la kusitisha ukaguzi, nalo hudumu hadi utakapowasha kompyuta upya. Litumie kujua kama draiva inafanya kazi, kisha utafute toleo lenye saini. Kuishi na ukaguzi uliozimwa moja kwa moja ni kuacha mlango wazi kwa programu hasidi kuingia mahali penye mamlaka makubwa kuliko pote katika mfumo, na hakuna kifaa cha zamani ninachoweza kukishauri kwa gharama hiyo.

Waya wangu wa USB wa kuunganisha vifaa vya siriali ulifanya kazi miaka mingi, sasa unatoa Code 10, yaani kifaa kimeshindwa kuanza.

Angalia kama namba yake ni VID_067B, yaani Prolific. Draiva mpya za kampuni hiyo hukataa chipu za zamani kama PL2303 HXA, pamoja na zile za kughushi. Sakinisha draiva ya zamani ya Prolific, kisha uichague kwa mkono kutoka kwenye orodha ya draiva zilizomo kwenye kompyuta. Windows Update ikirudisha ile mpya, chagua ya zamani tena kwa njia hiyo hiyo.

Je, programu zinazodai kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja zinafaa?

Siziungi mkono. Baadhi huleta programu usizoziomba au draiva zisizolingana na kifaa. Tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, ya mtengenezaji wa chipu, na masasisho ya hiari ya Windows Update ndivyo vyanzo vya kutegemea.

Skana yangu ina draiva ya Windows XP ya biti 32 pekee. Nimejaribu kila njia.

Kwenye Windows ya biti 64, draiva hiyo haitakufaa. Zipo njia mbili. VueScan ni programu ya kulipia inayokuja na uwezo wake wenyewe wa kuendesha skana nyingi za zamani. Jaribu toleo la majaribio kabla ya kulipa. Njia ya pili ni Linux, mfumo endeshi huria, ambao huendesha skana kupitia SANE, mradi wa draiva huria za skana. Huhitaji kufuta chochote: andaa flashi ya Linux inayoweza kuwashwa moja kwa moja, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, unganisha skana, kisha uandike scanimage -L kwenye dirisha la amri. Jina la skana likitokea, jaribu kuchanganua ukurasa mmoja kabla hujaamua kuusakinisha mfumo huo. Lisipotokea, andika lsusb (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB) unakili namba mbili za kifaa, kisha uzitafute kwenye orodha ya SANE ya vifaa vinavyokubalika, kwa sababu baadhi ya skana huhitaji faili la ziada kutoka kwa mtengenezaji ndipo ziamke.