Kioja Kikiingia Nyumba ya Kupanga

Ukitaka kuandika hadithi fupi za vioja, zile ambazo mtu anaamka na kukuta kivuli chake kimeshatangulia kazini, anza kwa kujua nauli na bei za vitu. Sitanii. Vijana wanaonisomea kazi zao hapa Dar wana mawazo ya ajabu kuliko yangu, lakini mbuzi akipanda daladala Mbagala Rangi Tatu na kuanza kuongea, gari zima linapiga mayowe, watu wanarukia madirishani, na hadithi inafia ukurasa wa kwanza. Mimi ningetaka kumsikia konda. Huyu mbuzi analipa nauli ya mtu mzima au ya mwanafunzi? Na akikaa dirishani, yule mama mwenye ndoo ya dagaa atasemaje?

Franz Kafka aliliona hili mapema. Katika hadithi yake ya 1915, Gregor Samsa anaamka amegeuka mdudu, na wasiwasi wake mkubwa ni kwamba treni ya saa kumi na moja alfajiri imeshamwacha na kazini watamjia juu.

Sisi tuna kikwazo chetu: uchawi. Andika kwamba pesa zimetoweka kwenye droo ya duka Kariakoo, msomaji wa Dar atakujibu kabla hujaweka nukta: chuma ulete. Akishapata jibu hashangai tena, anamsubiri mganga tu. Ndiyo maana mimi hupitisha ajabu yangu mahali ambapo mganga hana kazi: kwenye foleni, risiti, ofisi ya serikali ya mtaa, mita ya umeme.

Hiyo ya mita niliifurahia sana kuiandika. Nyumba ya kupanga, Tandika, wapangaji wanachangia mita moja. Mama mmoja ananunua Luku, anabonyeza tarakimu zote 20, mita inamjibu: umeongezewa siku 28 za kuishi. Umeme hakuna. Hapo kishawishi ni kuleta malaika, daktari na waandishi wa habari. Niliwaacha huko huko waliko, kwa sababu ugomvi wa mita ya pamoja tunaujua sote: mwenye friji atoe zaidi, na yule wa chumba cha uani anapiga pasi usiku kwa siri. Basi siku nazo zikagombewa vilevile. Mwenye friji akadai fungu kubwa, maana ndiye anayechangia zaidi. Ambaye hakutoa hela mwezi huo akaulizwa ana haki gani hata ya Jumanne moja. Baba mwenye nyumba akapiga simu kutoka Kigamboni kukumbusha kwamba mita ni yake. Yule mama mwenyewe alikuwa dukani, anadai umeme wake, samaki wanaharibika.

Hakuna aliyeuliza siku hizo zimetoka wapi. Nikimruhusu hata mmoja aulize, nimeiua.

Ajabu iwe moja. Mita ikigawa siku, paka wa jirani asianze kuhubiri. Lugha nayo iwe kavu, kama tangazo la mjumbe kuhusu usafi wa mtaro. Ukiandika "cha kushangaza" umeshamfanyia msomaji kazi yake. Na jizoeze kwanza kuandika maisha ya kawaida. Euphrase Kezilahabi alianza na Rosa Mistika mwaka 1971, akaandika riwaya kadhaa za maisha tunayoyatambua, na Nagona, ile inayovuruga vichwa, ikaja 1990. Wengi siku hizi wanataka kuanzia Nagona.

Rasimu ikiisha humsomea mtu asiye mwandishi. Shoga yangu anayeuza genge ananitosha. Akiniuliza, "Kwani hii ni kweli?" narudi mezani. Akiuliza, "Sasa yule wa pasi alipata siku ngapi?" naituma.