Encelia inapukutisha majani kiangazi: USIONGEZE MAJI

Mkuu, funga bomba kwanza, maneno baadaye.

Umeandika kwamba umechimba shimo refu la kupandia encelia, kile kichaka cha jangwani, ukalijaza mboji, na sasa mpira wa matone unamwagilia kila siku kwa sababu majani yamekuwa meupe na yanapukutika. Ukauliza pia kama sungura wataila. Nimesoma nikashika kichwa. Hivyo hivyo ndivyo nilivyoiua ya kwangu hapa Phoenix, Arizona, Marekani.

Huo weupe ni vinyweleo. Encelia farinosa ni mwenyeji wa majangwa ya Sonora na Mojave. Jua likikaza inatoa majani madogo yenye vinyweleo vingi vya kurudisha mwanga, ukame ukizidi inayaangusha, inabaki vijiti. Haifi, inajibana tu. Mimi nikadhani inakata roho, nikaongeza maji. Ikanyong'onyea, nikaongeza tena. Siku ya kuing'oa, mizizi ilikuwa myeusi, ganda linabambuka ukiligusa kwa kidole, na uvundo wake usiseme. Chini maji yametuama, kwa sababu ardhi ya huku ina kaliche, tabaka gumu la chokaa lisilopitisha maji. Lile shimo nililojivunia lilikuwa beseni.

Na haya yote alinishauri aliyeniuzia mche! Mboji akanibebea mwenyewe hadi garini, mkarimu kweli. Niliporudi kulalamika akaniuliza kama nilikuwa naimwagilia vya kutosha. Mmea umejaa milimani bila bomba, Phoenix yenyewe haifikishi milimita 250 za mvua kwa mwaka, yeye anataka kila siku. Nyumbani wakaniambia angalau nimeweza kufuga mbu.

Shika hili moja: chomeka kijiti kirefu kando ya shina. Kikitoka na udongo wenye unyevu, usimwagilie, hata mmea ukutazame kwa huruma. Mche mchanga upe maji mengi kwa mkupuo, uyaache yazame, kisha usubiri udongo ukauke. Ukishashika mizizi, mvua inautosha.

Kwaruza tawi kwa ukucha. Kukiwa na kijani ndani, liache. Kama imekufa, panda nyingine Oktoba au Novemba: shimo pana, kina kisizidi bonge la mizizi, rudishia udongo ule ule, mboji peleka kwenye nyanya. Kabla ya kupanda jaza shimo maji. Yakilala hadi kesho yake, hama hapo.

Maua ya njano yatakuja baridi ikielekea kwisha. Ya sungura waulize wenzangu, yangu ilioza kabla hawajainusa.