Uandike kodi au uburute vitufe? Maneno kwa anayeanza

Kabla ya yote, nikisema kodi humu sina maana ya ile ya TRA wala ya mwenye nyumba. Nasema yale maandishi ambayo mtengeneza programu anaiandikia kompyuta. Vijana wanaoingia kwenye fani hii huniuliza swali lile lile: nikomae na lugha za kuandikia kodi kama Python au JavaScript mwaka mzima, au nichukue haya majukwaa ya kuburuta na kubofya, wiki ijayo niwe na programu mkononi?

Nimefanya yote mawili. Nianze na pale nilipoumbuka.

Kilikuwa kikoba cha mtaani kwetu, Dar es Salaam. Wanachama 28, wanakutana kila Jumamosi saa kumi jioni. Katikati ya duara linakaa sanduku la chuma lenye kufuli 3, na funguo wanazo watu 3 tofauti, kwa hiyo halifunguki mpaka wote wafike. Watu wananunua hisa, wanarejesha mikopo, wanalipa faini za kuchelewa, na mweka hazina anaandika kwenye daftari. Wakaniomba niwahamishie mahesabu kwenye simu. Nikachukua jukwaa moja linalojengwa juu ya lahajedwali, yale majedwali ya mistari na visanduku kama ya Excel, na siku ya 4 kazi ilikuwa imekwisha: picha za wanachama, rangi za kupendeza, kitufe kikubwa cha "Rejesha". Nikapigiwa makofi.

Wiki ya 6 dada mmoja akafungua simu akakuta anadaiwa shilingi 305,000. Jumamosi iliyopita alikuja akiwa na deni la 300,000, akarejesha 50,000 mbele ya kadamnasi, akapigwa faini ya 5,000 kwa kuchelewa. Hata mtoto wa darasa la tatu atakwambia deni lilitakiwa kuwa 255,000. Hamsini elfu imekwenda wapi? Unajua maneno yanavyoanza kikoba kinapofika hapo.

Nilikesha nikitafuta. Kumbe deni la kila mtu nilikuwa nimeliweka kama namba moja kwenye seli moja, yaani kisanduku kimoja cha lahajedwali. Mweka hazina alipopokea marejesho, akaibadilisha 300,000 ikawa 250,000. Katibu naye bando lilikuwa limemkatikia, simu yake bado inaona 300,000, akaongeza faini ikawa 305,000. Alipofika nyumbani akaunga bando, simu ikapeleka namba yake na kuifunika ile ya mweka hazina. Iliyofika mwisho ndiyo iliyobaki.

Nikamweleza mweka hazina, mama aliyeendesha duka miaka mingi. Hakukasirika. Alifungua daftari akanionyesha ukurasa uliojaa mistari ya wino mwekundu. "Mwanangu, humu mimi sifuti kitu. Nikikosea nakata mstari, naandika upya chini yake. Na deni la mtu siliandiki, nalijumlisha."

Usiku ule ule nikavunja nilichojenga. Nikatengeneza jedwali la miamala: tarehe, mwanachama, aina, kiasi. Kila tukio linapata mstari wake, na mstari ukishaingia hauguswi. Ukikosea unaingiza mwingine wa kuurekebisha. Deni likawa halihifadhiwi popote, linapigwa hesabu kila linapohitajika. Sasa katibu na mweka hazina wakiandika kwa wakati mmoja inaingia mistari miwili, hakuna anayemfunika mwenzake. Jukwaa ni lile lile, na kodi sikuandika hata herufi. Lilidumu zaidi ya mwaka bila malalamiko.

Kosa lile lilikuwa langu, si la jukwaa. Ningeandika kwa Python ningekosea vile vile, ila ningetumia miezi 2 kulifikia kosa lenyewe.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achague nini, namuuliza kwanza ugumu wa kazi yake uko wapi. Kama uko kwenye kukusanya taarifa na kuzionyesha, basi kuandika kodi tangu sifuri ni kujitesa. Anayetaka dodoso la kaya 400 kijijini kusiko na mtandao ana KoboToolbox, jukwaa la kukusanyia majibu ya madodoso: maswali unayapanga hata kwenye Excel, mdadisi anajaza kwenye simu, na data inapanda siku atakapofika penye mtandao. Au tazama DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo ambao wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda zinautumia kukusanya takwimu za vituo. Mtu wa takwimu anatengeneza fomu mpya na viashiria vyake kwa kubofya tu. Lakini chini ya vile vitufe kuna kodi ya lugha ya Java iliyoandikwa na watu wanaojua wanachofanya. Kila jukwaa la kubofya liko hivyo. Kuna mtu alishakuandikia, na unaishi ndani ya mipaka aliyoiona yeye.

Mipaka hiyo isome mapema. Mwaka 2020 wakati wa Uviko, taasisi ya afya ya umma ya England ilikuwa inapokea majibu ya vipimo na kuyapitisha kwenye mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, ule wa XLS, usiobeba zaidi ya mistari 65,536. Mafaili yalijaa, yaliyozidi yakaachwa nje, na wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu kwa siku kadhaa. Wakati huo waliokaa nao karibu walikuwa hawajatafutwa. Mpaka ule ulijulikana tangu zamani, ila hakuna aliyeuliza.

Kwangu mpaka ulionekana kwenye malipo. Vikundi 3 vya jirani walipojiunga, wakataka mwanachama alipe kwa simu na deni lipungue lenyewe. Kuomba malipo ni rahisi, hata majukwaa mengi yanaweza. Shughuli iko kwenye jibu. Mtandao wa simu unaleta taarifa kwenye seva yako, yaani kompyuta inayopokea na kutunza data ya programu, kwamba fulani amelipa, na taarifa hiyo inaweza kuchelewa, inaweza kuja mara mbili, inaweza kuja wakati seva imelala. Lazima kila namba ya muamala uikague kama umeshaipokea, la sivyo mtu analipa 20,000 anapunguziwa 40,000, na huyo hatapiga simu kulalamika. Nilijaribu kuyapanga haya kwa vitufe. Nikapata mchoro wa mishale na visanduku ambao mimi mwenyewe baada ya wiki 2 sikuweza kuusoma. Nikauacha, nikaandika Python kidogo na PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data, nyuma yake, kwa ajili ya malipo peke yake. Ilinichukua wiki 7. Kurasa za wanachama nikaziacha palepale kwenye jukwaa, na mpaka leo vitu viwili hivyo vinaongea vizuri. Watu wanabishana kana kwamba ni Simba na Yanga, lazima uwe upande mmoja. Hapana, changanya.

Kuna mambo mengine ya kumuuliza mteja kabla hujagusa kompyuta, na la kwanza ni nani atalipa mwezi wa 13. Miradi mingi kwetu ina bajeti ya mwaka mmoja. Jukwaa linalotoza dola 5 kwa kila mtumiaji kwa mwezi halikutishi ukiwa na watumiaji 4, ila kwa 60 ni dola 300 kila mwezi. Seva ndogo ya kukodi ingekuwa nafuu mara nyingi, ila seva nayo inataka mtu wa kuihudumia. Ukiondoka, ni nani?

La pili ni mlango wa kutokea. Google walikuwa na App Maker, ya kutengenezea programu za ofisini kwa kuburuta. Januari 2020 wakatangaza kuifunga, Januari 2021 ikazimwa. Data ilikuwa na namna ya kuhamishwa, lakini programu zenyewe ilibidi zijengwe upya kwingine. Sisemi ukimbie, nasema ujue. Jukwaa la Bubble, kwa mfano, halikupi kodi ya ulichojenga, wakati jukwaa la FlutterFlow linakuruhusu kuchukua kodi yake, iliyoandikwa kwa zana ya Google iitwayo Flutter, ukaendelea nayo mwenyewe. Kwa lolote utakalochagua, siku ya kwanza kabisa jaribu kutoa data yako yote kama faili la CSV, jedwali la maandishi matupu linalofunguka popote, na ulifungue. Usiposhinda mtihani huo, tafuta kwingine.

Na usisahau sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019. Zote zina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na seva za majukwaa haya mara nyingi ziko nje. Picha na madeni ya wanachama 28 ni taarifa binafsi.

Kuhusu wewe mwenyewe na masomo yako: kama una biashara na unataka mambo yaende, anza na jukwaa leo, usione haya. Kama unataka kuajiriwa kutengeneza programu, jukwaa halitakutosha, maana kwenye usaili watakupa kodi uisome. Ila kwa wote wawili ningeanza na kitu kimoja, na si lugha wala jukwaa: kupanga data. Chukua kalamu na karatasi, mkae na mwenye kazi, chora majedwali, jiulize nini ni tukio na nini ni jumla ya matukio. Halafu SQL, lugha ya kuuliza na kupanga data kwenye majedwali, mwezi mmoja wa kujituma unatosha kupata msingi. Siku hizi kuna akili mnemba inayokuandikia kodi ukiielezea unachotaka, na mimi naitumia. Lakini ukiielezea deni kama namba ya kubadilishwa badilishwa, itakutengenezea vizuri kabisa kosa lile lile nililolifanya.

Kikoba bado kipo. Mweka hazina hajaacha daftari. Kila Jumamosi kabla ya kufuli ya tatu kufungwa, analinganisha jumla yake na ya kwenye simu. Mara ya mwisho zilipopishana, simu ilikuwa sahihi. Yeye ndiye aliyeruka mtu mmoja. Alicheka, akakata mstari, akaandika upya chini yake.