Kabla ya kuzimua asidi, uliza inakwenda kufanya kazi gani

Mwaka wangu wa pili kama fundi wa maabara shuleni, niliandaa lita tano za asidi ya salfuriki kwa ajili ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Lebo niliiandika mwenyewe: 0.1 N. (N ni nomaliti: moli za haidrojeni, au za elektroni, ambazo lita moja ya myeyusho hutoa au hupokea.) Asubuhi yake binti mmoja wa meza ya mbele alipima kwa pipeti mililita 25 za sodiamu haidroksaidi ya 0.1 N, akafungua bureti, mrija wenye alama unaodondosha asidi, rangi ikageuka kwenye mililita 12.5. Akamwaga, akasuuza chupa, akarudia. 12.5 tena. Mara ya nne nikamwona anafuta namba yake na kuandika 25, kwa kuwa hesabu ilimwambia iwe hivyo.

Aliyekosea nilikuwa mimi. Nilimweleza mwalimu kabla karatasi hazijakusanywa, lakini ile karatasi iliyofutwa mpaka ikatoboka sijaisahau.

Kanuni yenyewe ya kuzimua, N₁V₁ = N₂V₂, haina ugumu: nomaliti mara ujazo wa asidi kali ni sawa na nomaliti mara ujazo wa myeyusho unaoutaka. Kosa hujificha kwenye N₁. Chupa ya asidi kali ya salfuriki huandikwa asilimia 98, msongamano 1.84. Lita moja ina gramu 1,840, na humo asidi halisi ni gramu 1,803. Gawanya kwa 98, uzito wa moli moja, unapata 18.4. Hiyo ni molariti (M), yaani moli kwa lita, nami niliishia hapo. Kila moli ya asidi hii hutoa haidrojeni mbili, kwa hiyo nomaliti yake ni 36.8. Kwa lita tano za 0.1 N:

0.1 × 5,000 ÷ 36.8 = mililita 13.6

Mimi nilipima 27.2. Ndiyo maana wanafunzi walitumia nusu.

Asidi ya haidrokloriki haikuadhibu hivi, maana haidrojeni yake ni moja, molariti na nomaliti ni namba ileile. Inakuzoesha vibaya. Potasiamu pamanganeti ndiyo ya kuogopa zaidi. Myeyusho wa 0.02 M ni 0.1 N ukiutumia kwenye asidi, ambako kila moli hupokea elektroni tano. Ukiutumia mahali pasipo na asidi wala besi, hupokea tatu, na chupa ileile inakuwa 0.06 N. Ukikuta chupa imeandikwa "0.1 N" tu, bila kutaja kazi yake, usiizimue kabla hujamuuliza aliyeiandaa.

Siku hizi lebo zangu huandikwa hivi: H₂SO₄, 0.1 N (0.05 M), kwa asidi na besi, tarehe. Ukiandika namba zote mbili, kosa kama langu unaliona kabla hujashika chupa.

Ukihitaji nusu lita tu, hesabu itakupa mililita 1.36 za asidi kali. Usijaribu kuipima kwa silinda. Tengeneza kwanza lita moja ya 1 N kwa mililita 27.2, kisha chukua mililita 50 kwa pipeti uzijaze hadi 500. Na ni kujaza *hadi* alama, si kuongeza mililita 500 za maji. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, na myeyusho uachwe upoe kabla ya kufikia alama, kwani ukiwa wa moto umetanuka.

Hata hesabu ikiwa safi, asidi kali hunyonya unyevu ikikaa, kwa hiyo ipime. Gramu 5.3 za sodiamu kaboneti iliyokaushwa, katika lita moja, ni 0.1 N. Chukua mililita 25, tia matone ya methaili oranji, kiashiria kinachobadili rangi, kisha titreti: dondosha asidi kwa bureti hadi rangi igeuke. Ikiisha kwenye 24.2 badala ya 25, asidi yako ni 0.1033 N. Usiimwage: kwa kila lita iliyobaki ongeza mililita 33 za maji yaliyokenekwa, tikisa, pima tena.