Gesi na Vumbi Katika Koma: Kwa Wanaoanza Kupima

Vijana wangu, kila nyotamkia mpya inapong'aa naletewa michoro ileile ya koma yake (wingu la gesi na vumbi linalozunguka kiini chake kigumu) yenye kosa lilelile, na kwa kuwa nawapenda, na usiku wa darubini ni haba, naomba msome haya kabla ya kuomba muda mwingine.

1. Msihesabu gesi mkaiita vumbi. Mnajua kwamba Afρ, kipimo cha wingi wa vumbi kama A'Hearn na wenzake walivyokieleza mwaka 1984, haipaswi kubadilika mnapopanua duara la kupimia, mradi vumbi linatoka kwenye kiini bila kupanda wala kushuka na mwangaza wake unapungua kwa uwiano wa 1/ρ, ρ ikiwa umbali kutoka kwenye kiini. Kijana mmoja hodari aliniletea mchoro ambao Afρ yake ilipanda kadiri duara lilivyokua, akaeleza kwa kurasa kadhaa jinsi chembe zinavyopasuka njiani na kuongeza eneo la kuakisi mwanga. Hoja ilipangwa vizuri mno, hata ikaniwia vigumu kumuuliza ametumia filta gani. Ilikuwa V, filta pana ya mwanga wa kijani na njano, ambayo hupitisha mikanda ya mwanga wa gesi ya C2 (molekuli ya atomi mbili za kaboni) iliyo karibu na nanomita 516. C2 haitoki kwenye kiini ikiwa tayari. Huzaliwa njiani, molekuli mama zinapovunjwa na mwanga wa Jua, kwa hiyo karibu na kiini mwangaza wake hufifia taratibu kuliko 1/ρ, na kila duara linapopanuka sehemu ya gesi katika hesabu huongezeka. Tulipopima upya kwa filta nyembamba ya nanomita 445, mpando ule ulitoweka, na kurasa zile zikabaki bila kazi.

2. Vilivyomo ndani ya duara moja havina umri mmoja. Gesi huzisukuma chembe karibu na kiini tu. Ikishatawanyika huziacha, na kila chembe huendelea na kasi iliyokwisha kuipata, ndogo zikitangulia na kubwa zikichelewa. Gesi iendayo kilomita 0.8 kwa sekunde hufika kilomita 10,000 katika muda usiozidi saa nne, ilhali chembe iendayo mita 20 kwa sekunde huhitaji karibu siku sita. Basi mwangaza wa CN (gesi ya kaboni na nitrojeni) ukishuka usiku mmoja na vumbi likabaki palepale, msikimbilie kudai kuna vyanzo viwili, maana huenda mnatazama vumbi lililotoka siku nyingi kabla. Vipande vingine vikubwa haviondoki kabisa: chombo cha anga Rosetta, kilichokuwa na nyotamkia 67P kuanzia 2014 hadi 2016, kilionyesha kwamba hurudi kuanguka kwenye kiini.

3. Katika modeli ya Haser, yaani hesabu ya jinsi molekuli zinavyosambaa kutoka kwenye kiini na kuvunjwa na mwanga wa Jua, rekebisheni umbali ambao molekuli husafiri kabla ya kuvunjika kulingana na umbali wa nyotamkia kutoka Jua. Kila mara.

4. Kabla ya kugeuza mwangaza wa CN kuwa idadi ya molekuli, angalieni kasi ya nyotamkia kuelekea Jua au kutoka kwake, kwa sababu kasi hiyo ndiyo huamua kama CN itakutana na mistari myeusi iliyomo katika mwanga wa Jua, ambako hupata mwanga kidogo na hivyo hung'aa kidogo. Karibu na periheli, yaani nyotamkia inapolikaribia Jua kuliko wakati wowote, kasi hiyo hupita sifuri, na thamani mliyoitumia wiki iliyotangulia haifai tena.